Fuvu Lisilo la Horacio

"Fungua," Elvira Zanotti alisema.

Karani wa mahakama alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya meza mbili zilizosogezwa pamoja, katika chumba cha nyuma cha mochwari ya Puerto Lezama. Lilikuwa la mbao nyepesi, limepigwa misumari kote, na jina la mwanawe limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeusi ambayo ilikuwa bado inanuka.

"Mama, hili halifunguliwi. Humo ni mifupa tu, imekaa ardhini miaka minane. Weka sahihi hapa, gari liwapeleke makaburini leo leo, mambo yaishe."

"Nimekuja kupokea mwanangu. Sikuja kupokea mbao. Fungua."

Mumewe, Anselmo, alimshika kiwiko. Alikuwa fundi wa treni aliyestaafu, mrefu, ambaye mabega yake yalikuwa yameporomoka tangu siku ile mwana wao Horacio alipochukuliwa. "Kizee changu," alimwambia kwa sauti ya chini, "twende naye nyumbani. Mimi nimechoka."

Elvira alikuwa anaitazama ile misumari. Ilikuwa mipya, inang'aa. Nani anapigilia misumari mingi namna hiyo kwa mtu asiyeweza kutoka?

Horacio alikuwa anasomea uhandisi. Mwaka wa pili wa utawala wa kijeshi, watu wenye makoti ya kiraia walimshusha kwenye basi, wakamwingiza kwenye gari lisilo na namba, na tangu hapo kila ofisi aliyokwenda mama yake ilimwambia haimjui. Sasa wanajeshi walikuwa wamerudi makambini, nchi ina serikali ya kupigiwa kura, na Elvira alikuwa anapiga kelele kila barabara ya mji. Ndipo ghafla jibu likapatikana. Horacio Zanotti, waliambiwa, alikufa katika mapambano ya risasi na jeshi kwenye ghala moja la pamba, akazikwa bila jina. Daktari Bustos, daktari wa polisi tangu enzi zile, alikuwa ameitambua mifupa yake. Mwanamume, umri unaolingana, urefu unaolingana. Basi.

"Umeitambua kwa kitu gani?" Elvira alikuwa amemuuliza.

"Kwa uzoefu, bibi," Bustos alimjibu.

Siku ile ya jeneza hakuweka sahihi. Karani alipiga simu kwa hakimu, akarudi akatikisa kichwa. Elvira akamwambia, "Mwambie mheshimiwa kwamba kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwake. Na kesho kutwa. Anijulishe mwenyewe akichoka." Kisha akamshika mumewe mkono wakatoka.

Nyumbani walichemsha maji ya yerba, ile chai chungu ya majani inayonywewa kibuyuni. Elvira alikwenda chumbani, akaingiza mkono nyuma ya kabati la nguo, akatoa bahasha kubwa ya hospitali. Ndani yake mlikuwa na picha ya eksirei ya kichwa cha Horacio. Tangu utotoni kijana yule alikuwa anasumbuliwa na mafua yasiyoisha na maumivu juu ya macho, na alipofika umri wa miaka ishirini daktari alitaka kuona ndani kabla ya kumpasua. Wanajeshi walipokuja kuipekua nyumba waliiona ile picha. Mmoja wao aliinyanyua kwenye taa, akacheka, "Tazameni, kichwa kitupu!" na akaitupa chini. Walibeba redio, saa ya ukutani na viatu vya Anselmo. Picha waliiacha.

Elvira aliibandika kwenye kioo cha dirisha la jikoni, jua likapita ndani yake. Anselmo aligeuza uso.

"Iondoe."

"Daktari wake wa meno, Grinberg, ana picha za meno yake pia. Nimempigia. Anasema hajatupa hata moja."

"Elvira, mimi nataka mahali. Basi! Mahali pa kupeleka maua siku ya Jumapili, kama watu wengine. Unanielewa? Nina moyo mbovu. Sitaki kufa nikiwa bado nangoja kwenye foleni za mahakama."

"Na kama tutakuwa tunampelekea maua mtoto wa mtu mwingine?"

Mzee alipiga meza kwa kiganja mpaka kibuyu kikalala ubavu, majani yakamwagika. "Hata kama! Hata kama ni wa mwingine, nitampelekea!"

"Na mama yake?" Elvira alisema. "Mama yake atapeleka wapi?"

Anselmo alichukua kitambaa, akaanza kufuta yerba iliyomwagika.

Akina mama wenzake wa vitambaa vyeupe, wale ambao watoto wao pia walichukuliwa na jeshi, waliokuwa wakizunguka naye uwanjani kila Alhamisi kuwadai, nao hawakumwachia nafasi. Wengi waliona ni usaliti. "Waliwachukua wakiwa hai, watawarudisha wakiwa hai," mmoja alimwambia. "Ukikubali kutazama fupa moja, umewasamehe. Watatuletea masanduku mlangoni kama mboga, kila mtu lake, halafu waseme hesabu imefungwa."

"Sijamsamehe mtu," Elvira alijibu. "Nitawadai Horacio mzima mpaka siku wanayonizika. Lakini wakinitupia mifupa usoni, wasidhani nitafumba macho."

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye korido ya mahakama na thermosi yake. Hakimu Lescano alipita akajifanya hamwoni. Siku zikaenda. Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, aliyepewa kiti na wanajeshi na kukikuta bado chini yake walipoondoka. Alianza kuingilia mlango wa nyuma. Elvira naye akahamia mlango wa nyuma.

"Mama, unanitia aibu mbele ya wafanyakazi wangu," hatimaye alimwambia.

"Nifungulie sanduku, nitakuondolea aibu."

Akaandika amri. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba Daktari Bustos awepo.

Kutoka Buenos Aires alikuja mwanamke anayeitwa Mirta Olaechea, mchunguzi wa mifupa, nywele fupi, suruali ya mfanyakazi, sigara isiyowashwa sikioni. Yeye na wenzake walikuwa wakizunguka nchi nzima kufukua makaburi yasiyo na majina, kwa brashi na vijiko, pale ambapo wengine walikuwa wakitumia matrekta. Alimpa Elvira mkono kwanza kabla ya kumpa hakimu.

"Utataka kukaa ndani au nje, Mama Elvira?"

"Ndani."

"Si lazima."

"Mwanangu, nimekaa nje miaka minane."

Misumari ikang'olewa. Elvira alikuwa amejiandaa kwa harufu, kwa kilio, kwa kuanguka. Hakujiandaa kwa udogo wa vile vitu. Mtu mzima, aliyewahi kula na kuimba, alikuwa anaenea kwenye sanduku ambalo nusu yake ilikuwa udongo mtupu. Mirta aliinua fuvu kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto anayetolewa kwenye maji, akaenda nalo chumba cha eksirei. Alikaa nalo huko kwa muda mrefu, akiligeuza kidogo kidogo, apate kulipiga picha kwa pembe ileile ambayo Horacio alipigwa.

Aliporudi, alibandika filamu mbili kwenye kisanduku cha taa kilichokuwa ukutani, ya Horacio kushoto, ya fuvu kulia. Daktari Grinberg, daktari wa meno, mzee mfupi mwenye tai iliyochakaa, aliweka miwani yake. Hakimu alibaki karibu na mlango. Bustos alikunja mikono.

"Mama Elvira," Mirta alisema, "tazama hapa, juu ya macho. Ndani ya mfupa wa paji kuna uwazi wenye hewa. Kila mtu ana umbo lake. Hata mapacha hawafanani. Mtu akishakua, umbo hilo linabaki hivyo hivyo."

Elvira alitazama. Upande wa Horacio, ule uwazi ulipanda juu kushoto kama kichaka, na kulia ulikuwa mdogo kama punje ya njegere. Kwenye filamu nyingine haukuwa na kichaka wala njegere. Palikuwa na vifuko viwili sawasawa, vidogo, vimekaa chini juu ya pua.

"Paji la uso!" Bustos alicheka puani. "Siku hizi tunasoma mawingu, mheshimiwa. Kesho tutasoma majani ya yerba."

"Haya, tuache mawingu," Grinberg alisema, ingawa alikuwa mtu asiyependa ugomvi. Alichomeka filamu ndogo za meno. "Haya ni magego ya chini ya Horacio Zanotti. Niliyatoboa na kuyaziba mwenyewe, mawili, kulia na kushoto. Alinipigia kelele za ajabu, jirani alikuja kuuliza kama namchinja. Na haya ni magego ya huyu bwana. Yamo yote mawili, mazima, hayajaguswa. Daktari Bustos, wewe ni msomi. Jino lililozibwa linaweza kuoza. Linaweza kuvunjika, linaweza kung'oka. Niambie ni wapi umeona jino lililotobolewa likajirudishia nyama yake likawa zima."

Bustos alimtazama hakimu.

"Si yeye," Mirta alisema. "Mheshimiwa, huyu si Horacio Zanotti."

Kitu kilimjia Elvira, na alipokitambua aliona haya. Ilikuwa furaha. Mbele ya kichwa cha kijana wa watu, yeye alikuwa amefurahi. Akashika ukingo wa meza mpaka ikapita.

"Na yale madoa meupe?" aliuliza. "Yale ya nyuma, kama chumvi."

Mirta alimtazama hakimu kwanza. "Ni risasi. Iligonga mfupa ikamwaga vipande. Iliingilia kisogoni, chini, ikaelekea juu. Moja tu. Mifupa yake mingine haina jeraha la risasi hata moja."

"Watu hukimbia katika mapambano," Bustos alisema. "Hugeuza mgongo."

"Mapambano gani, daktari?" Elvira alimgeukia. "Ya Horacio? Si tumeambiwa sasa hivi kwamba huyu si Horacio? Ulikuwa na hadithi moja, sasa unaitafutia mtu mwingine wa kuivaa?"

Hakimu alikohoa. "Inatosha. Mifupa irudishwe ilikotoka, uchunguzi utaendelea kwa utaratibu."

"Irudishwe shimoni?" Elvira alisogea akasimama kati ya karani na meza. Alikuwa mwanamke mfupi, na karani angeweza kumsukuma kwa kidole. "Hapana, mheshimiwa. Mmemleta kwangu kama mwanangu. Mmeandika jina la kwetu ubavuni mwa jeneza. Mpaka aje mwenyewe, huyu ni wangu, na wangu hazikwi kama mbwa mara ya pili."

Hakuna aliyemsukuma. Mifupa ikawekwa kwenye kabati la mochwari, ufunguo akapewa Mirta.

Jioni ile Elvira alimsimulia mumewe yote, akingoja hasira. Anselmo alisikiliza akiwa amekaa kitandani, mikono katikati ya magoti. Kisha alilia, kwa sauti, kama alivyolia mwanzoni kabisa. Alikuwa amekwisha mzika Horacio moyoni, na sasa wamemfukua tena. Elvira alimkumbatia kichwa. Baadaye mzee akasema, "Huyo kijana... yuko peke yake mle kabatini?" Na keshoye alikwenda mochwari na ua moja la bustanini, akaliweka mbele ya mlango wa kabati, mlinzi akamwachia.

Ndivyo Elvira alivyoanza kumtafuta mama wa mtu. Alikuwa na ushahidi mdogo lakini mzuri. Jino la mbele la juu la yule kijana lilikuwa limevunjika na kutengenezwa, na kwenye eksirei kilionekana kijiti cheupe cha chuma kimesimama ndani ya mzizi. Mirta alimpa nakala. Alhamisi Elvira alipozunguka uwanjani, picha ya Horacio ilikuwa kifuani kama kawaida, na filamu ile ndogo ilikuwa mfukoni. Alipanda mabasi kwenda Rosario, Santa Fe, Paraná, kila mahali penye vitambaa vyeupe. Wenzake walianza kumtania.

"Jihadharini, daktari wa meno amekuja! Ukimsalimia tu anakwambia fungua mdomo."

"Fungua basi," Elvira alikuwa akijibu, "nione kama una ulimi wa kuuma watu bado."

Hata yule aliyemwita msaliti alicheka, na siku moja alimvuta pembeni na kumuuliza kimyakimya kama eksirei ya mkono uliovunjika nayo inafaa kitu. Elvira akamwambia inafaa sana.

Huko kaskazini, Resistencia, joto likiwa bado halijaondoka ingawa majira ya baridi yalikuwa yanakaribia, alikutana na Eusebia Ledesma, mjane aliyekuwa akifua nguo za watu. Elvira alipouliza swali lake la kila siku, kama kuna mwenye mtoto aliyevunjika jino la mbele, Eusebia aliweka mkono mdomoni.

"Ceferino wangu," alisema. "Alifungua chupa ya soda kwa meno, siku ya harusi ya dada yake. Mbele ya wakwe! Nilimzaba kofi. Ana jino nusu na nikamzaba kofi." Akacheka, na kicheko kikamwishia njiani. "Walimtengenezea bure ng'ambo ya mto, kwenye chuo cha madaktari wa meno. Wanafunzi ndio hujifunzia midomo ya maskini. Kwa nini unauliza, mama?"

Elvira alitoa filamu. Eusebia hakuipokea.

"Chuo wanatunza picha za wagonjwa," Elvira alisema. "Ukiomba watakupa."

"Nikiipata na ikafanana, mimi nitakuwa sina mtoto. Leo bado ninaye. Unaelewa? Nikisikia geti usiku, ninaye."

"Naelewa. Mimi pia nasikia geti." Elvira aliirudisha filamu mfukoni. "Sikulazimishi, Eusebia. Nimekuja tu kukwambia kwamba kama ni wako, hayuko shimoni. Yuko kwetu, na mume wangu humtembelea."

Aliondoka na basi la mchana, akijua kwamba huenda asimwone tena. Baridi iliingia. Hakimu alituma watu mara mbili kuuliza kabati la mochwari litaachwa lini, na mara zote mbili Elvira alikwenda mwenyewe kujibu. Kisha asubuhi moja, alipokuwa anakanda unga, mlango uligongwa. Eusebia alikuwa amesimama kizingitini na koti la kuazima na bahasha ya chuo.

"Sikuitazama," alisema. "Nitazamieni nyinyi."

Walikwenda mochwari, wakatazama wote. Mirta alibandika filamu ya chuo kando ya filamu ya fuvu, Grinberg akavuta taa karibu. Kile kijiti cha chuma kilikuwa kimeingizwa kwa mkono wa mwanafunzi asiyezoea, kimepinda kidogo kulia, na ncha yake haikufika mwisho wa mzizi. Kwenye filamu ya kushoto kimepinda hivyo. Kwenye ile ya kulia kimepinda hivyo hivyo. Jino la jirani lilikuwa na mzizi uliojikunja kama mkia wa nguruwe, kwenye filamu zote mbili. Grinberg alivua miwani. Alikuwa Ceferino.

Eusebia aliweka kidole juu ya kioo, juu ya lile jino. "Kofi lile," alisema. "Angalau nisingempiga lile kofi." Elvira alisimama nyuma yake, akamshika mabega yote mawili, na walisimama hivyo mpaka taa ya kisanduku ikaanza kuunguruma kwa joto.

Ofisini kwake, hakimu alikuwa ametayarisha hati ya kifo. Karani alimsomea Eusebia, kwa kuwa hakujua kusoma vizuri: Ceferino Ledesma, mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, amefariki katika mapambano ya risasi.

"Rudia mwisho," Eusebia alisema.

Karani akarudia.

"Siichukui."

"Mama," hakimu alisema, "ni maneno tu. Bila hati hii huwezi kumsafirisha."

"Basi nitakaa hapa naye. Nimeshaambiwa huyu mama mwenzangu anajua milango yako yote." Eusebia alionyesha kwa kidole upande wa mochwari, kule zilikokuwa zile filamu. "Mimi sikusoma, mheshimiwa, lakini nimeonyeshwa tundu. Liko kisogoni. Mwanangu alipigana na nani, akiwa amempa mgongo na kichwa ameinamisha? Andika walivyomfanya."

Elvira alivuta kiti, akakaa, akafungua thermosi na kumjazia Eusebia kibuyu. Mirta akawasha ile sigara yake. Hakimu Lescano alitazama wanawake watatu waliokuwa wamejaza ofisi yake, akatazama dirisha, akatoa kalamu. Alichukua muda. Aliandika kwamba Ceferino Ledesma aliuawa kwa risasi moja ya kisogoni baada ya kukamatwa na vyombo vya dola. Akapiga muhuri. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza, akaamuru sehemu yote ya wasio na majina katika makaburi ya mji ifukuliwe na Mirta na wenzake. Daktari Bustos aliitwa kujieleza. Kwa kila swali alijibu kwamba hakumbuki, na mji mzima ulimsikia asivyokumbuka.

Ceferino alizikwa kwao, ardhi nyekundu, dada yake akiwa na watoto wanne ambao mjomba wao hakuwahi kuwaona. Anselmo alibeba upande mmoja wa jeneza, ingawa daktari wa moyo alikuwa amemkataza kubeba hata kapu la sokoni. Watu walimuuliza yeye ni nani wa marehemu. Alisema, "Tumekaa naye."

Kazi ya kufukua Puerto Lezama ilianza baridi ilipokwisha. Kamba zilifungwa, udongo ukaanza kutolewa kwa vijiko. Elvira alisimama ukingoni, kitambaa cheupe kichwani, bahasha ya Horacio kwapani. Kwenye uzio wa makaburi watu walikuja kutazama, na bwana mmoja mwenye kofia nzuri alipaza sauti, "Waacheni wafu walale, bibi! Mnatafuta nini tena?"

"Majina!" Elvira alimjibu bila kugeuka. "Na wewe kama una usingizi, nenda kalale kwako!"

Akina mama walikuwa wamejipanga nyuma yake. Yule aliyemwita msaliti alikuwepo, na eksirei ya mkono uliovunjika imekunjwa ndani ya gazeti.

Karibu na adhuhuri Mirta alitoka shimoni, magoti yamejaa matope, amebeba fuvu la kwanza katika kitambaa. Alikwenda nalo kwenye hema, ambako palikuwa na mashine ndogo ya eksirei ya kuazima. Elvira alitoa bahasha yake akaikabidhi. Anselmo alimsogelea akasimama naye bega kwa bega. Walingoja.

Mirta alitoka akatikisa kichwa. "Si Horacio, Mama Elvira."

Elvira alifumba macho. Akayafumbua.

"Ana jino lolote la kujulikana?"

"Analo. Moja limevikwa dhahabu, la pembeni."

"Basi nitolee picha," Elvira alisema, "niondoke nayo na basi la saa nane."